Usajili wa Simba na Yanga: Ubishi wa kijiweni wenye hesabu za shambani

KILA ifikapo Juni, Ligi Kuu Tanzania Bara inapofikia ukingoni, ubishi wa soka huhama kutoka uwanjani na kwenda vijiweni. Kwenye soko la nafaka Tandale, kwenye soko la ndizi Mabibo, kwenye vituo vya malori ya nyanya kule Ilula mkoani Iringa, habari huwa ni moja: nani anakuja, nani anaondoka, na nani ametemwa bila sababu.

Kipindi hiki cha dirisha kubwa la usajili kina jambo moja ambalo wengi hawalitazami. Huangukia wakati ule ule ambapo mkulima wa mahindi wa Nyanda za Juu Kusini anavuna, mkulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa anauza, na mkulima wa kahawa wa Kagera anaanza kuchuma. Ni miezi ambayo fedha ipo mfukoni. Hivyo anayebishana juu ya mamilioni ya klabu huwa naye ana uamuzi wake wa kufanya: auze sasa au angoje, abakize mbegu ya zamani au abadilishe, asaini mkataba wa mnunuzi au abaki huru.

Ukiusikiliza ubishi huo kwa makini utagundua kwamba hesabu ni zile zile. Tofauti ni kwamba kwenye usajili makosa hulipwa na klabu, na shambani makosa hulipwa na ada ya mtoto shuleni.

Mfano wa Chama

Hakuna mchezaji aliyewahi kugawa vijiwe miaka ya karibuni kama Clatous Chama. Kiungo huyo alitua Simba mwaka 2018 akitokea kwao Zambia, akawa mhimili wa timu iliyotwaa ubingwa wa ligi mara nne mfululizo hadi msimu wa 2020/21, yeye akiwamo katika mitatu ya mwisho.

Mwaka 2021 Simba ilimuuza kwa RS Berkane ya Morocco. Mwaka huo huo Luis Miquissone wa Msumbiji naye aliuzwa kwa Al Ahly ya Misri. Mashabiki wengi walilalamika kwamba timu imebomolewa. Upande wa pili walisema fedha imeingia na bei kama hiyo haiji kila siku. Januari 2022 Chama alirudi Msimbazi, na waliokuwa wakilalamika wakanyamaza.

Julai 2024 yakatokea mengine. Mkataba wake na Simba ulikuwa umefika mwisho, na tarehe 1 ya mwezi huo Yanga wakamtangaza kuwa mchezaji wao. Upande wa Msimbazi waligawanyika makundi mawili. Kundi la kwanza lilisema uongozi umelala, umemwacha mchezaji muhimu akavuka barabara kwenda kwa mtani bure. Kundi la pili lilisema mchezaji ametimiza miaka 33, ameshatumika, na aliyemchukua amechukua jina.

Kwa macho ya mchumi, makundi yote mawili yalikuwa na hoja, lakini hayakuwa yakizungumzia kitu kimoja. Kundi la kwanza lilizungumzia bei. Kundi la pili lilizungumzia mavuno ya mbele.

Klabu huuza muda

Klabu inapouza mchezaji, kisheria haiuzi mtu. Inachouza ni muda uliobaki kwenye mkataba. Mchezaji mwenye mkataba wa miaka miwili mbele yake, anayemtaka lazima azungumze na klabu yake na kulipa. Mchezaji aliyebakiza miezi 6 au pungufu, kanuni za FIFA zinamruhusu kufanya mazungumzo na klabu nyingine. Mkataba ukiisha anakuwa mchezaji huru, na klabu yake ya zamani haipati fedha ya uhamisho.

Kwa hiyo mwaka 2021 Simba walikuwa na kitu cha kuuza kwa Berkane. Mwaka 2024 hawakuwa nacho. Chama alikuwa yule yule, ila ghala lilikuwa tupu.

Tazama sasa upande wa Jangwani. Stephane Aziz Ki wa Burkina Faso alimaliza msimu wa 2023/24 akiwa mfungaji bora wa ligi kwa mabao 21. Klabu kadhaa zilimtaka na mashabiki wa Yanga walikaa roho juu wiki nzima nzima. Yanga wakamwongezea mkataba mwaka huo wa 2024. Waliokosoa walisema klabu inajifunga kwa mshahara mkubwa. Lakini ilipofika Mei 2025, Wydad Casablanca ya Morocco ilipomhitaji kwa ajili ya Kombe la Dunia la Klabu, ililazimika kukaa mezani na Yanga. Klabu ilikuwa imepata huduma yake kwa msimu mwingine wa ubingwa, na bado ikapata cha kuuza.

Vivyo hivyo kwa Fiston Mayele. Mshambuliaji huyo kutoka Kongo alifunga mabao 7 na kuwa mfungaji bora wa Kombe la Shirikisho Afrika msimu wa 2022/23, Yanga ilipofika fainali na kupoteza kwa USM Alger ya Algeria kwa sheria ya bao la ugenini. Baada ya hapo aliuzwa kwa Pyramids ya Misri. Wapo mashabiki waliolia. Lakini bei ya bidhaa yoyote hupanda pale soko linapoiona, na soko lilikuwa limemwona Mayele kwenye fainali.

Mfugaji wa ng'ombe wa maziwa wa Rungwe au Hai analijua jambo hili bila kusoma kitabu. Ng'ombe anayetoa lita nyingi ana mnunuzi mlangoni. Akishazeeka na maziwa yamekatika, mnunuzi anayebaki ni wa nyama, naye hupanga bei mwenyewe. Swali la mfugaji mzuri si kama ng'ombe ni mzuri. Swali ni lini amuuze, na je, mtamba wa kuziba nafasi yake yupo bandani?

Kung'oa au kupogoa?

Ubishi mkubwa zaidi wa mwaka 2024 haukuwa wa mchezaji mmoja. Simba walikuwa wamemaliza msimu wa 2023/24 wakiwa nafasi ya tatu. Walilingana pointi 69 na Azam, lakini Azam wakawazidi kwa tofauti ya mabao na kwenda Ligi ya Mabingwa Afrika. Simba wakaangukia Kombe la Shirikisho. Yanga walikuwa mabingwa kwa pointi 80.

Ndipo fagio la chuma likapita. Mbali na Chama, waliondoka nahodha John Bocco, Saido Ntibazonkiza, Luis Miquissone aliyekuwa amerudi mwaka 2023, beki Henock Inonga aliyekwenda FAR Rabat ya Morocco, na wengine. Wakaingia kina Jean Charles Ahoua, Joshua Mutale, Steven Mukwala, Debora Fernandes Mavambo, Augustine Okejepha, kipa Moussa Camara na baadaye Lionel Ateba, chini ya kocha mpya Fadlu Davids kutoka Afrika Kusini. Wengi walikuwa vijana ambao shabiki wa kawaida hakuwahi kuwasikia.

Vijiweni pakawaka moto. Wazee wa kazi wakauliza: timu gani inabadilishwa nusu yake kwa mara moja na ikaelewana? Vijana wakajibu kwa kaulimbiu ya msimu ule, Ubaya Ubwela, kwamba heri kuanza upya kuliko kuziba viraka kila mwaka.

Huu ni ubishi ambao mkulima wa kahawa wa Kilimanjaro, Mbinga au Mbozi ameuishi. Shamba lenye mibuni mizee bado linatoa kahawa, lakini kila mwaka kidogo kuliko mwaka uliopita, huku gharama ya dawa za chulebuni na kutu ya majani ikipanda. Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania, TaCRI, ilitoa aina mpya zinazovumilia magonjwa hayo. Hata hivyo, anayeng'oa mibuni yote kwa siku moja hukaa takribani miaka mitatu bila mavuno ya maana. Anayekataa kung'oa kabisa hupungukiwa taratibu mpaka shamba linakuwa hasara. Wataalamu wa ugani hushauri kubadilisha kwa awamu, sehemu kwa sehemu, ili familia isikose kipato.

Simba waling'oa sehemu kubwa kwa mkupuo. Matokeo yake yalikuwa nini? Msimu wa 2024/25 Ahoua aliibuka mfungaji bora wa ligi kwa mabao 16. Timu ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika Mei 2025, ikapoteza kwa RS Berkane, mabao 2-0 kule Morocco na sare ya 1-1 Zanzibar. Kwenye ligi ilibanana na Yanga hadi mechi ya mwisho, Juni 25, 2025, ilipofungwa mabao 2-0 na kuukosa ubingwa kwa mara ya nne mfululizo.

Je, ni mafanikio au hasara? Anayehesabu makombe atasema hasara, maana kabati halikuongezeka kitu. Anayehesabu thamani ya kikosi atasema faida, kwa sababu wachezaji waliokuwa hawajulikani Julai 2024 walikuwa wameshaonekana Afrika nzima ilipofika Mei 2025. Wote wawili wanasoma daftari moja kwa kurasa tofauti.

Gharama ya kweli ya mchezaji

Kosa linalojirudia kwenye ubishi wa usajili ni kutazama dau la kusaini peke yake. Shabiki husikia mchezaji fulani kachukua fedha nyingi akasema ameibiwa au amepata bahati. Dau la kusaini ni kama bei ya kununulia trekta. Bado kuna mafuta, vipuri na dereva.

Tuchukue mfano wa hesabu tu. Klabu inamsajili mchezaji kwa mkataba wa miaka 2, dau la kusaini Sh milioni 200 na mshahara wa Sh milioni 10 kwa mwezi. Dau likigawanywa kwa miaka 2 ni Sh milioni 100 kwa mwaka. Mshahara wa mwaka ni Sh milioni 120. Jumla ni Sh milioni 220 kwa mwaka, kabla ya nyumba, tiketi za ndege na matibabu.

Mchezaji huyo akicheza mechi 22 kwa mwaka, kila mechi imeigharimu klabu Sh milioni 10. Akiumia na kucheza mechi 11 tu, kila mechi imegharimu Sh milioni 20. Sasa mlete mwingine, kijana, ambaye jumla ya gharama zake kwa mwaka ni Sh milioni 90 na akacheza mechi 30. Kila mechi ni Sh milioni 3. Huyu wa pili anaweza kuwa na kipaji kidogo kuliko wa kwanza, lakini lazima wa kwanza awe na makali zaidi ya mara tatu ndipo hesabu zilingane.

Kuna na kikomo cha nafasi. Katika msimu wa 2024/25 klabu ya Ligi Kuu iliruhusiwa kusajili wachezaji 12 wa kigeni. Hiyo ni kama ekari za shamba. Ukishajaza ekari zako 12, zao jipya haliwezi kuingia mpaka lingine litoke. Ndiyo maana wakati mwingine mchezaji mzuri huachwa, watu wakashangaa. Hakuachwa kwa sababu ni mbaya. Ameachwa kwa sababu anakalia nafasi ambayo mwingine angeitumia vizuri zaidi.

Mkulima mwenye ekari 3 anayelima nyanya, vitunguu na mahindi anapaswa kujiuliza hivyo hivyo. Mahindi yakimpa faida ya Sh 400,000 kwa ekari, yeye huona amepata. Lakini ekari hiyo hiyo kama ingempa Sh 900,000 kwa vitunguu, na maji na soko vipo, basi mahindi yale yamemnyima Sh 500,000. Hasara hiyo haionekani kwenye daftari, lakini ipo.

Mkataba usomwe kabla ya wino kukauka

Mwishoni mwa mwaka 2022 nchi nzima ilijifunza sheria ya mikataba bila kwenda chuo. Kiungo Feisal Salum, maarufu Fei Toto, aliamua kuvunja mkataba wake na Yanga na kuweka Sh milioni 112 kwenye akaunti ya klabu, akiamini kifungu cha mkataba kinamruhusu. Yanga walikataa. Januari 2023 kamati ya Shirikisho la Soka Tanzania, TFF, inayoshughulikia sheria na hadhi za wachezaji iliamua kwamba bado ni mchezaji halali wa Yanga.

Miezi ikapita mchezaji akiwa nje ya uwanja. Suala hilo lilifika mbali kiasi kwamba Juni 2023 Rais Samia Suluhu Hassan, akiwa na timu ya Yanga Ikulu, aliwaomba viongozi wa klabu walimalize. Siku chache baadaye Fei Toto akahamia Azam kwa makubaliano ya klabu hizo mbili.

Kabla yake, mwaka 2020, Bernard Morrison wa Ghana alihama kutoka Yanga kwenda Simba huku pande mbili zikivutana kama mkataba wake ulikuwa umeongezwa au la. Shauri lilikwenda hadi Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo nchini Uswisi, na uamuzi ulipotoka mwaka 2021 Yanga walishindwa. Muda na fedha za mawakili vilikuwa vimekwenda.

Wakulima wa tumbaku wa Urambo na wa miwa wa Kilombero wanaoingia kilimo cha mkataba hawana kijiwe cha kuwatetea namna hiyo. Mkulima hupokea mbolea na dawa kwa mkopo, akasaini au kuweka dole gumba kwenye karatasi ambayo hajasomewa yote. Bei ya nje ikipanda hutamani kuuza pembeni. Hapo ndipo hukuta kifungu ambacho hakukijua.

Mambo manne yanapaswa kuulizwa kabla ya kusaini. Mkataba unaisha lini? Bei inapangwa na nani na kwa daraja gani? Upande mmoja ukitaka kutoka, unalipa kiasi gani na kwa ridhaa ya nani? Na mgogoro ukitokea, unaamuliwa wapi? Kama Fei Toto, mwenye wakala na mwanasheria, alikaa miezi nje kwa sababu ya kifungu kimoja, mkulima asiye na mwanasheria anapaswa kuwa mwangalifu mara mbili.

Kuuza kwa mkopo

Lipo tukio jingine ambalo mashabiki wa Simba wenye umri mkubwa hawajalisahau. Januari 2013 klabu ilimuuza mshambuliaji wa Uganda, Emmanuel Okwi, kwa Etoile du Sahel ya Tunisia kwa dola 300,000 za Marekani. Zilikuwa fedha nyingi kwa wakati ule na mipango mingi ikapangwa juu yake. Fedha hizo hazikuingia kwa wakati. Mchezaji naye akatofautiana na klabu hiyo, na shauri likafika FIFA. Mwaka 2013 haukuisha kabla Okwi hajasaini Yanga.

Klabu ilibaki haina mchezaji, haina fedha, na mchezaji yupo kwa mtani. Mfanyabiashara wa mpunga wa Kyela au Kahama anayemkabidhi dalali magunia 50 kwa ahadi ya kulipwa wiki ijayo yupo kwenye njia hiyo hiyo. Bei nzuri isiyolipwa ni mbaya kuliko bei ndogo ya taslimu. Ikilazimu kukopesha, basi nusu ilipwe mbele na iliyobaki iwe na maandishi, mashahidi na tarehe.

Daftari la aliyelea

Upande mwingine wa usajili ambao vijiwe huuzungumzia kidogo ni fungu la klabu zilizomlea mchezaji. Kanuni za FIFA zinataka asilimia 5 ya fedha za uhamisho wa kimataifa wa mchezaji aliye ndani ya mkataba igawiwe klabu zilizomfundisha akiwa na umri wa kati ya miaka 12 na 23. Kuanzia miaka 16, kila mwaka mmoja wa malezi una thamani ya nusu asilimia ya bei.

Mbwana Samatta alicheza Tanzania kabla ya kwenda TP Mazembe mwaka 2011, akahamia Genk ya Ubelgiji Januari 2016, na Aston Villa ya Uingereza Januari 2020. Kila safari ya namna hiyo hufungua mlango wa madai kwa waliomlea. Mchezaji akiuzwa kwa thamani ya Sh bilioni 1, klabu iliyomlea miaka miwili baada ya kutimiza 16 inastahili Sh milioni 10. Kwa klabu ya daraja la chini hizo si fedha za kudharau.

Sharti ni moja: kumbukumbu. Klabu isiyoonyesha kwamba ilimsajili kijana yule, mwaka ule, haina cha kudai. Chama cha ushirika nacho kikikosa daftari la nani alileta kilo ngapi na siku gani, malipo ya pili yakija huzuka ugomvi. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani uanze kutumika kwenye korosho msimu wa 2007/08, karatasi ya ghala imekuwa na thamani sawa na gunia lenyewe. Aliyeipoteza hujikuta akihangaika.

Jezi zenye jina mgongoni

Wanaoumia moja kwa moja kwa usajili ni wafanyabiashara wadogo. Kuelekea Simba Day, sherehe iliyoanza mwaka 2009, na Wiki ya Mwananchi ya Yanga, wachuuzi hukopa ili wanunue jezi, skafu na vuvuzela.

Tuseme mchuuzi amekopa Sh 800,000 na kununua jezi 40 kwa Sh 20,000 kila moja, zote zikiwa na jina la nyota mmoja, akitarajia kuuza Sh 30,000. Zikiisha zote atapata faida ya Sh 400,000. Lakini ameuza 25, akapata Sh 750,000, halafu nyota akahama. Zile 15 zilizobaki anaziuza kwa Sh 10,000 ili zisiozee kwenye mfuko, anapata Sh 150,000. Jumla ni Sh 900,000. Mkopo una riba ya asilimia 3.5 kwa mwezi kwa miezi minne, yaani Sh 112,000. Anayedhani amepata Sh 100,000 amepoteza Sh 12,000, na jasho lake la miezi minne halijahesabiwa.

Mwenye busara hununua jezi tupu, tena halali zisizokamatwa, kisha huchapa jina mteja anapolipa. Faida kwa kila jezi ni ndogo kidogo, lakini jezi tupu haihami timu.

Hatari nyingine ni kuugeuza ushabiki kuwa mtaji wa kubahatisha. Wapo wanaochukua fedha ya mauzo ya asubuhi na kuiweka kwenye mkeka wa jioni kwa sababu timu yao imesajili vizuri. Mtaji wa duka haujui kwamba Simba wamesajili vizuri. Ukitoka, rafu hubaki tupu.

Nani mwenye kauli?

Mwisho wa ubishi wote huja swali gumu: nani huamua? Miaka ya nyuma wanachama wenye kadi walijiona ndio wenye timu, na mvutano wa aina hiyo ndani ya Yanga katikati ya miaka ya 1970 ndio uliozaa klabu ya Pan African. Mwaka 2017 wanachama wa Simba waliridhia mabadiliko ya mfumo, na Mohammed Dewji akashinda zabuni ya uwekezaji kwa dau la Sh bilioni 20. Taratibu za Serikali zinataka wanachama wabaki na hisa zisizopungua asilimia 51. Yanga nao waliridhia mabadiliko yao mwaka 2021.

Asilimia 51 ni nyingi kwenye karatasi. Ila mwanachama asiyelipia kadi, asiyehudhuria mkutano mkuu na asiyesoma taarifa ya mapato na matumizi, kauli yake huishia kijiweni. Ndivyo ilivyo pia kwenye AMCOS nyingi. Wanachama 300 wana kura 300, lakini siku ya kupitisha hesabu wanahudhuria 40, halafu msimu ukiharibika wote 300 hulalamika.

Kubishana juu ya usajili si dhambi. Anayebishana juu ya Chama na Ahoua ameshafikiria umri, bei, muda, nafasi na hatari. Kinachotakiwa ni akili hiyo hiyo aliyoitumia kijiweni aende nayo nyumbani. Dirisha la usajili litakapofunguliwa tena, kabla ya kuuliza nani ametemwa Msimbazi au nani amemwaga wino Jangwani, mkulima achukue daftari na kuandika: zao lipi msimu huu limecheza mechi chache kwa gharama kubwa, na nafasi yake apewe nani?